Mlango Uliovimba Siku ya Wageni

Mvua za huku milimani Ileje hazijui kunyesha zikaisha. Zikifika zinakaa. Zikichoka kunyesha zinageuka ukungu, ukungu unaingia ndani bila hodi, na kila kitu cha mbao ndani ya nyumba kinaanza kunenepa. Droo ya kabati inagoma. Dirisha linagoma. Na milango, hasa ile ya mbao za mti wa mlingoti zilizopasuliwa zikiwa bado mbichi, inavimba na kung'ang'ania fremu kama mtoto aliyeshika gauni la mama yake sokoni.

Ferista, mama Erica, alikuwa na mlango wa namna hiyo. Ulikuwa wa chumba cha ndani, kile kinachopakana na sebule. Mume wake, Osea, aliutengeneza kwa haraka mwaka waliohamia, mbao zikiwa zinatoa maji ukizipiga msumari. Kiangazi ulikuwa mlango kama milango mingine. Mvua zikianza, ukitaka kuingia unausukuma kwa bega, na ukitaka kutoka unauvuta kwa mikono miwili, mguu mmoja umeukanyagia ukutani.

Kijiji kizima kiliujua mlango ule, na waliujua kwa sababu ya mwinjilisti Luka. Msimu mmoja Ferista aliugua, mwinjilisti akaja kumwombea. Akaingia chumbani, akafunga mlango ili aombe kwa utulivu, na alipomaliza kuomba hakutoka. Alivuta, akavuta, mkono wa kitasa ukabaki kwenye kiganja chake. Wanaume wakasukuma kutoka sebuleni, na mlango ulipoachia kwa ghafla, mwinjilisti akaangukia kitandani kwa mgonjwa, yeye na Biblia yake.

Basi, kisimani ikawa ndiyo habari.

"Jamani, kwa mama Erica msiingie chumbani, mtatoka kiangazi."

"Mwinjilisti nasikia alishaanza kuulizia godoro."

Ferista alicheka nao. Lakini kile kicheko kilikuwa cha usoni tu. Akifika nyumbani anauangalia ule mlango kama mtu anayemwangalia ndugu mlevi aliyemwaibisha harusini.

Sasa akaja mchumba wa Erica. Kijana anaitwa Ipyana, anafanya kazi kwa wakala wa forodha pale Tunduma mpakani, na Erica walijuana naye alipokuwa anajifunza kushona mjini. Ipyana akaleta taarifa kwa heshima zote: wazee wake wanakuja kujitambulisha. Ferista aliposikia ni watu wa Tunduma, watu wa nyumba zenye vigae sakafuni, usingizi ukamruka. Akamsumbua Osea mpaka sebule na chumba vikapigwa sakafu mpya ya saruji. Kuta zikapakwa chokaa. Ule mlango akaupaka vanishi kwa mkono wake mwenyewe, ukang'aa mpaka unaona uso wako.

Kitu ambacho hakukifikiria ni kwamba saruji mpya inatoa maji siku nyingi, na chokaa nayo hivyo hivyo. Nje mvua, ndani saruji. Mlango ukanywa maji pande zote, ukavimba kuliko mwaka wowote.

Osea akauona. Akaja na randa.

"Mama Erica, niache niupunguze hapa juu na huku pembeni. Ni kazi ndogo."

"Upige randa wapi, na vanishi nimemaliza kupaka? Unataka wageni waone mlango umechubuka kama goti la mtoto?"

"Lakini haufungi."

"Utafunga."

"Ukifunga hautafunguka."

"Baba Erica, acha. Ukiupunguza leo, kiangazi utabaki na mwanya wa kupitisha kuku. Mimi najua namna ya kuufanya."

Namna yenyewe ni hii ambayo karibu kila nyumba huku juu tunaifanya. Kwanza unapaka mche wa sabuni kwenye ukingo, au mshumaa. Ukiona haisaidii, unawasha jiko la mkaa, unalisogeza nyuma ya mlango ukiwa wazi, unauacha ule moto uukaushe ubao taratibu. Baada ya muda mlango unalegea. Mama zetu walifanya hivyo na hatukuona mtu amedhurika. Lakini mama zetu waliacha mlango wazi, na nyumba zao zilikuwa za nyasi, zinapumua zenyewe kila upande. Hilo Ferista hakulifikiria, na wala hakuna aliyemwambia.

Asubuhi ya siku ya wageni akajaza jiko mkaa, akaliwashia nje mpaka moshi ukaisha wote na makaa yakawa mekundu safi. Akaliingiza chumbani, akaliweka nyuma ya mlango. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ajili ya mvua, na pembeni yake amechomeka kitambaa kuzuia upepo.

Wageni walisema watafika mchana. Kumbe dereva wao alitoka mapema akihofia matope ya kule njiani. Sufuria la wali halijashuka bado, gari aina ya Noah likapiga honi getini.

Kwao Erica, siku ya utambulisho binti haonekani. Anafichwa chumbani mpaka wageni waulizwe wamefuata nini, waseme, ndipo shangazi yake aende kumtoa. Akitoka anaulizwa mbele ya wote kama anawafahamu watu hawa. Akisema anawafahamu, vigelegele. Asipotoka, nalo ni jibu, na wageni wanabeba mikoba yao. Na akiwa kule ndani hatakiwi kusikika. Binti anayekohoa na kuangusha vitu chumbani wakati wakwe wapo sebuleni, wanasema huyo hakufundwa.

"Ingia, ingia haraka!" Ferista alimsukuma Erica chumbani, nywele zake ndiyo kwanza zimemaliza kusukwa. "Funga kwa ndani. Usukume mpaka ukae."

"Mama, na jiko?"

"Liache, liendelee kukausha mlango. Na wewe utaota moto, baridi hii."

"Halitanisumbua?"

"Mkaa umeshaiva, moshi hauna. Sikiliza, mwanangu. Usitoe sauti. Chochote kile, usitoe sauti mpaka shangazi yako aje kukuita. Umenielewa? Usiniaibishe."

"Sawa, mama."

Erica akausukuma mlango kwa nguvu zake. Ukalia kidogo, ukaingia kwenye fremu, ukakaa. Ferista akashusha pazia jipya juu yake, akafuta mikono, akaenda kupokea wageni.

Waliingia wanatikisa maji. Mshenga alikuwa mzee Barnaba, mnene, mcheshi. Pamoja naye mama mkubwa wa Ipyana, Enesi, mwanamke wa maneno machache aliyekunja mwavuli wake vizuri na kukaa wima, na wengine wawili watatu wa ukoo. Upande wa nyumbani kulikuwa na Osea, dada yake Roda ambaye ndiye shangazi mwenyewe, na majirani. Ferista alikaa mkekani, mgongo wake karibu kabisa na lile pazia.

"Karibuni sana," alisema Osea. "Mvua hii mmekuja kufuata nini? Huku kwetu hata kuku hatoki."

"Mzee mwenzangu," Barnaba akajibu, "tulikuwa tunapita zetu huko chini, tukaona huku juu kuna mbuni umechanua. Tukasema tuje tumuulize mwenye shamba kama una mwenyewe."

Roda akadakia, "Mibuni ipo mingi. Mwingine umezeeka, ndiyo mimi hapa. Mnataka upi?"

Watu wakacheka. Mvua ikazidi juu ya bati, ikabidi kila anayesema apaze sauti. Sakafu ilisifiwa. Barnaba aliusifu hata mlango, maana pazia lilikuwa limejisogeza kidogo na vanishi inaonekana. "Hiyo mbao ni ya kazi," alisema. Ferista akajisikia mwepesi mwili mzima.

Ndipo akasikia.

Ilikuwa sauti ndogo nyuma ya sikio lake. Mtu anagonga ubao kwa vidole, polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Halafu kitasa kikatikisika. Halafu ubao ukavutwa, ukalia, haukusogea.

Ferista alijua papo hapo. Mlango umekwama, na Erica anataka kutoka. Hakumhofia binti. Alihofia wageni. Aliona jinsi itakavyokuwa: Osea anasukuma kwa bega, mlango unaachia kwa kishindo, binti anaonekana amekaa chini, wakwe wanatazamana. Habari inafika kisimani kabla gari halijaondoka. Aliwaza, atulie kidogo tu. Wakimaliza maneno, Roda atausukuma kistaarabu. Kidogo tu.

Akakohoa kwa nguvu kuifunika ile sauti.

Kugonga kukaja tena. Mara hii kukawa na sauti ndani yake, "Mama," ya chini sana. Enesi aligeuza kichwa.

"Kuna mtu anabisha hodi?"

"Ni mvua, mama mkwe. Mti wa nyuma unagonga bati," alisema Ferista. Na kabla hajaulizwa lingine akapiga makofi, akaanzisha pambio. Majirani wakalipokea, maana wanawake wa huku hawangoji kubembelezwa kuimba. Nyumba ikajaa sauti. Barnaba akanyanyuka na kucheza na fimbo yake. Katikati ya wimbo Ferista akaisikia tena, chini zaidi sasa, karibu na sakafu, kama kiganja kinachopapasa. Akapiga makofi zaidi. Aliimba mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Pambio lilipoisha, nyuma ya pazia kulikuwa kimya.

Akashukuru Mungu. Kweli kabisa, alishukuru. Alisema moyoni, ametulia, mtoto huyu ana adabu.

Akina mama tunaosoma, tupaangalie hapo. Alishukuru.

Chai ikanywewa. Maneno yakaendelea, ya koo na koo, nani alioa wapi, mpaka ikagundulika babu wa Barnaba alikuwa na shamba jirani na mjomba wa Osea, wakashikana mikono upya. Hatimaye Osea akasema, "Haya, dada, tuletee huyo mbuni wetu, tumuulize."

Roda akajifunga kanga, akapiga kigelegele, akafungua pazia na kusukuma mlango. Haukwenda. Akasukuma tena. Akainama kwa Ferista, akanong'ona, "Wifi, ni ule ugonjwa wake?"

"Subiri," Ferista akamshika kanga. "Anavaa."

"Anavaa nini? Alikuwa ameshavaa."

"Subiri, nimesema." Kisha kwa sauti ya kila mtu, akicheka, "Ana haya mtoto wangu. Mpeni muda."

"Au ametokea dirishani?" Barnaba alitania. "Huko Tunduma tumeshapata wa hivyo, aliyetoroka akiacha viatu."

Watu wakacheka. Enesi hakucheka. Akaweka kikombe chini.

"Shangazi mtu, mwite," alisema. "Tumsikie hata akiitikia."

Roda akasogeza mdomo kwenye ubao. "Erica! Mwanangu, ni shangazi. Wageni wanakungoja."

Kimya.

"Erica!"

Mvua tu.

Enesi akachukua mwavuli wake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Wazazi, msisumbuke. Kwetu na kwenu mila ni moja. Binti amejibu. Heri leo kuliko kesho." Wengine wakaanza kuinuka, mmoja akitafuta viatu vyake mlangoni. Osea alisimama katikati ya sebule hajui ashike nini, uso umemshuka. "Mama Erica," alisema, "mtoto ulimwambia nini?"

Ferista alitaka kusema tena kwamba anavaa. Neno likafika mdomoni. Lakini Erica alimpenda Ipyana, hilo kila mtu alilijua. Erica asingenyamaza. Mtoto aliyegonga vile, aliyekuwa akihangaika kutoka, anaitwa na shangazi yake na hataki kutoka? Ndipo lile jiko likamrudia akilini, jekundu, halina moshi, na dirisha lenye kitambaa.

"Mlango!" alipiga ukelele. "Mlango umekwama! Vunjeni! Kuna jiko la mkaa ndani! Nimemfungia na jiko!"

Osea alifika kwenye mlango kabla hajamaliza. Akapiga bega. Mlango haukutikisika, ulikuwa kama umejengewa. Barnaba akatupa fimbo, akamwongezea bega lake nene. Ukaachia juu, ukabaki umeshika chini, na chini pale kulikuwa na kitu kizito kimeuegemea.

"Acheni kusukuma!" Roda alilia. "Ni yeye! Ameuegemea, mtamwumiza!"

Osea akageuka nje, akaja na shoka, akavunja ubao wa juu, ule uliopakwa vanishi, vipande vikarukia vikombe. Hewa nzito ya moto ikatoka, haina harufu ya maana. Akajipenyeza, akamvuta binti kando, mlango ukafunguka. Akatoka naye amembeba mpaka barazani, akamlaza hapo mvua inapofika.

Macho ya Erica yalikuwa nusu wazi, hayaoni. Midomo imekauka. Nywele mpya zimejaa vumbi la saruji. Ferista alipiga magoti akamshika mashavu, akaita jina lake, akaita, akaita. Enesi ndiye aliyempapasa shingoni na kusema, "Yupo. Mgeuzeni ubavu. Dereva, washa gari!" Njiani, kichwa chake kikiwa mapajani kwa Enesi na madirisha yote yameshushwa, binti alitapika. Barnaba alilia kwa furaha kama mtoto.

Kwenye kituo cha afya walimwekea hewa ya kwenye mtungi. Nesi aliwatazama wote, nguo zao nzuri zimelowa.

"Nani aliingiza jiko?"

Ferista akainua mkono, kama mwanafunzi.

"Mama, mkaa ukiacha kutoa moshi ndipo watu wanadanganyika. Ile sumu haionekani wala hainuki. Mtu anaumwa kichwa, miguu inalegea, anataka kutoka hawezi. Kila msimu wa mvua tunawapokea, na wengine wanaletwa tukiwa hatuna la kufanya. Huyu mmemuwahi."

"Mama yake ndiye aliyeshtuka," Barnaba alisema haraka, akimtetea. "Sisi wote tulikuwa tunaondoka. Huyu mama ameshtuka peke yake."

Mchana ukaenda. Erica akafungua macho vizuri, akataja jina lake, akataja siku. Wanaume walikaa nje kwenye benchi wakipiga simu kwa Ipyana, aliyekuwa tayari barabarani anakuja. Ndani walibaki Ferista, kando ya kitanda, na Enesi upande wa pili. Nesi alikuwa amempa Ferista kikombe cha maji, amnyweshe mgonjwa kidogo kidogo atakapotaka.

Enesi alinyoosha mkono juu ya shuka, akamshika Ferista kiganja.

"Mama, usijilaumu. Jiko wote tunaweka. Hata mimi, nyumba yangu pale Tunduma, mvua hizi naota mkaa. Lakini wewe ulisikia kwa moyo wa mama. Sisi tusingejua. Nikifika nyumbani nitawaambia, binti yetu ameokolewa na mama yake." Akamgeukia Erica. "Umesikia, mwanangu? Huyu mshukuru."

Erica alimtazama mama yake. Hakukuwa na ugomvi kwenye yale macho. Kulikuwa na swali, na Ferista aliona kwamba binti hataliuliza kamwe mbele ya mkwe, kwa sababu alimlea hivyo. Angeweza kunyamaza. Sifa ilikuwa imeshatolewa, kilichobaki ni kuipokea, na Enesi angeondoka nayo mpaka Tunduma.

Uso ulimwaka kama amesimama juu ya lile jiko.

"Mama mkwe," alisema, "haikuwa mvua."

"Nini?"

"Ulipouliza kama kuna mtu anabisha hodi. Haikuwa mti wala bati. Alikuwa yeye. Alinigongea. Aliniita mama. Nilisikia, nikaimba ili ninyi msisikie. Niliona aibu ya mlango."

Enesi alitoa mkono wake polepole. Akakunja kanga yake magotini, akaikunjua, akaikunja tena. Nje Barnaba alikuwa anacheka na mtu kwenye simu.

"Mimi nilijua hukusikia," Erica alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka, ndogo. "Nilikuwa pale chini najiambia, mama hasikii kwa sababu wanaimba. Wakimaliza kuimba atasikia. Ndiyo maana nikaacha kugonga. Nikasema ningoje mmalize."

Ferista alikisogeza kile kikombe cha maji karibu na mto.

Binti aligeuza kichwa kwenye mto, akautazama upande wa pili.

"Mama mkubwa," alimwambia Enesi, "naomba maji."

Kikombe kilikuwa mkononi kwa Ferista. Enesi alikiangalia kikombe, akamwangalia mwenye kukishika, kisha akazunguka kitanda, akakichukua.